Dawa ya Madini Inataka Maji

Kama daktari amekwambia utapewa dawa ya saratani yenye madini ndani yake, na una haraka, chukua hili moja kisha uende zako: kunywa maji, na asiwepo mtu wa kukuzuia. Kama huna haraka, kaa. Nitaeleza jinsi nilivyonusurika kufa kwa kukosa maji kwenye nyumba yenye bomba uani na ndoo mbili zilizojaa jikoni.

Mimi si muuguzi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na Festo, nikamzaa Devota. Tunaishi pembeni ya mji wa Sumbawanga, uwanja mmoja na mama mkwe wangu, ambaye ni mjane. Devota alikuwa anakaribia miaka miwili tumbo langu lilipoanza kukua tena. Ilikuwa wakati wa ntumba, kazi ya kufukia nyasi kwenye matuta ya mviringo ili zioze ardhini, na mama mkwe akaninyang'anya jembe.

"Mama Devota, kaa chini. Umebeba."

Nikamwambia siku zangu nimeziona mwezi huu. Akasema wapo wanaoona na huku wamebeba. Kabla ya mvua kukatika nilikuwa na tumbo la miezi saba na mikono kama ya mtoto wa darasa la tatu, na majirani walikuwa wameanza kumpongeza mama mkwe. Kilichokuwemo ni uvimbe kwenye ovari, kile kifuko cha mayai ya mwanamke.

Nilipasuliwa Mbeya. Nilipoweza kukaa, daktari alivuta kiti akasema bila kuzunguka, na kwa hilo namshukuru.

"Kikubwa tumekitoa. Kuna vipande vimebaki vimeng'ang'ania utumbo, kisu hakifiki huko. Hivyo vitauawa na dawa. Dozi sita, kila baada ya wiki tatu. Ukizipata zote, una nafasi nzuri. Ukizikosa, uvimbe unarudi."

Basi, hesabu yangu ikawa hiyo: dozi sita, au Devota alelewe na mwingine.

Siku ya dozi ya kwanza muuguzi alitukalisha mimi na Festo kwenye chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Alikuwa amevaa sweta la zipu kwa sababu ya baridi. Alituambia dawa zipo mbili, lakini ile ya kuogopa na kuiheshimu ni moja, ya madini, jamii ya yale wanayotengenezea pete za gharama. Nikauliza madini yanaua vipi kitu kilicho hai. Nilidhani atanijibu kama wanavyojibu watu wa vijijini, kwamba dawa ni dawa. Akashika zipu ya sweta lake.

"Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu umefungwa kama hii zipu. Seli ikitaka kuzaa seli nyingine, lazima ifungue zipu mpaka chini. Madini yakiingia, yanapiga pini katikati." Akabana zipu kwa vidole, akaivuta kwa mkono wa pili, ikagoma. "Unaona? Inavuta, inashindwa. Ikishindwa sana, inakufa. Saratani ndiyo inayozaana kwa fujo, kwa hiyo ndiyo inayokufa zaidi. Lakini nywele nazo zinazaana haraka, na ngozi ya ndani ya tumbo. Madini hayaulizi jina."

Festo akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

"Sasa sikilizeni wote wawili," muuguzi akasema. "Ikishamaliza kazi, inatoka kwa mkojo, inapita kwenye figo. Ikituama pale, inaunguza figo. Hapa tutamtundikia dripu kabla na baada. Nyumbani, wiki nzima, maji. Jagi kubwa asubuhi, mchana jingine, jioni jingine. Hata akitapika, anywe tena. Baba, umesikia?"

"Nimesikia," Festo akasema.

Naandika jibu lake hapa ili lisipotee.

Dozi ya kwanza tulikaa Mbeya siku kadhaa kwa ndugu yake Festo, na maji nilikunywa. Nilitapika mpaka nikawa natapika rangi ya njano tu, mdomoni nikawa na ladha kama nimenyonya msumari wenye kutu, lakini maji nilikunywa. Kwenye benchi la kusubiria nilikuwa nimekaa na mama mmoja kutoka Muze, kule bondeni kwenye joto, amevaa masweta mawili na khanga juu yake. Yeye alikuwa ameshatangulia dozi kadhaa. Alinipa kipande cha tangawizi nitafune, akavua kilemba kunionyesha kichwa.

"Mwanangu, usilie kwa ajili ya nywele. Mimi sasa nafanana na padri wetu, watoto wakiniona wanataka kuungama."

Kila mtu kwenye benchi alicheka, hata wa dripu. Nawaambia kwa sababu mtaogopa kwenda mkidhani kule watu wanalia tu. Wanalia, ndiyo. Pia wanasengenya, wanabishana kuhusu Simba na Yanga, wanaulizana nani kapika nini.

Dozi ya pili ilikuja baridi ilipoanza kukaza na mahindi yanavunwa. Safari hii tulirudi nyumbani kesho yake kwa basi. Sikunywa chochote njiani, nani atasimamishiwa basi kila kilima? Nilifika nimelegea kama kitambaa. Mama mkwe alinipokea kwa mikono yake miwili, akanilaza, akanivua viatu. Kisha akamuuliza mwanawe ni dawa gani hiyo inayomaliza mtu hivi.

Festo akamjibu kwa neno alilolipata: "Ni dawa ya chuma, mama."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ili uelewe lazima ujue mama mkwe ni mtoto wa nani. Baba yake alikuwa mhunzi huko upande wa Chala, katika watu waliofua majembe tangu enzi za tanuri ndefu za udongo. Yeye mwenyewe utotoni alivuta mivukuto ya kupulizia moto. Anaheshimu chuma kuliko anavyoheshimu serikali. Na jambo la kwanza alilofundishwa, kwa kofi, ni kwamba chuma kikiwa chekundu hakimwagiwi maji. Ukikimwagia kabla hakijakamilika, kinapasuka, na kazi ya siku nzima imekufa.

Akanitazama nilivyokuwa nawaka. Mikono yangu ilikuwa ya moto, uso umeniiva.

"Bado kiko motoni," akasema. "Asipewe maji. Kitampasukia ndani."

Nikafungua macho. "Mama, wamesema ninywe maji mengi."

"Wamesema nani?"

"Muuguzi."

"Wewe ulikuwa umelewa midawa, ulisikia nini?" Hakusema kwa ukali. Aliniinamia kama unavyomwinamia mtoto mwenye homa anayedai ameona ng'ombe darini. Kisha akageuka. "Festo. Walisema hivyo?"

Festo alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia viatu vyake. Nilimwona.

"Mama," akasema, "walisema mambo mengi."

Akatoka nje kwenda kupanga magunia ya mahindi.

Nitakwambia kwa haki mambo aliyonifanyia mama mkwe wiki ile. Alifua matapishi yangu kwa mikono. Alilala chini kando ya kitanda changu. Alimbeba Devota mgongoni huku anapika. Alinipikia uji wa ulezi mzito, akanilisha kwa kijiko, na nilipoutapika akapika mwingine. Maji ya kunywa alikuwa anayashika yeye, kwenye ndoo, jikoni, ambayo ni nyumba ya nje. Kila nilipoomba alichovya kitambaa akanilowesha midomo. "Vumilia mwanangu, chuma kipoe chenyewe." Mimi sikuweza kusimama. Kichwa kikiinuka, nyumba inazunguka. Festo alikuwa akiingia, anasimama, anauliza, "Unaendeleaje?" nami namwambia, "Niletee maji," anasema, "Ngoja nimwambie mama," halafu hamwambii.

Jioni moja mama mkwe aliniletea beseni la maji ya uvuguvugu ya kunikanda. Alipotoka kuchukua taulo, niliinama nikanywa kwenye beseni. Nilikunywa kama mnyama. Yalikuwa na ladha ya sabuni. Sijawahi kunywa kitu kizuri namna ile.

Nywele zilitoka wiki hiyohiyo, zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku. Devota alinikimbia siku moja nzima, kisha akarudi, akanipapasa kichwa kwa kiganja, akasema, "Mpira." Masikio yalianza kulia, sauti nyembamba kama nyenje wa kiangazi, na hayajanyamaza hadi leo. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Nilikuwa navaa ndala moja na kusahau nyingine bila kujua. Mkojo ulikuwa mchache na rangi yake ni ya chai. Nilijua hiyo si dalili njema, huhitaji chuo kujua hilo.

Tuliporudi Mbeya kwa dozi ya tatu walinitoa damu kwanza, kama kawaida, tukasubiri kwenye benchi. Mama wa Muze hakuwepo. Wakaitwa wote tuliofika nao, mmoja mmoja, wakatundikiwa dripu zao. Mimi sikuitwa. Unapokuwa umekaa pale na kila mtu anaitwa isipokuwa wewe, unaanza kuchukia hata rangi ya ukuta.

Mwishowe daktari alitoka mwenyewe.

"Leo hatutoi dawa. Figo zako zimeshuka vibaya. Nikikupa leo, nitaua saratani na figo pamoja." Akaketi kando yangu benchini. "Maji ulikuwa unakunywa kiasi gani?"

"Muulize mume wangu," nikasema.

Daktari akamtazama Festo. 

"Daktari," nikasema, "hii maana yake zile dozi nne nimezikosa?"

"Sijui bado. Tutakulaza, tutakutundikia maji, tuone kama zitarudi. Zikirudi, kuna ndugu ya ile dawa. Madini ni yaleyale, ila yamefungwa kwa namna nyingine, hayaunguzi figo hivyo. Yatakushusha damu zaidi, lakini tunaweza kwenda nayo. Figo zikianguka tena," akasema, "sitakuwa na dawa ya madini ya kukupa. Na hiyo ndiyo inayofaa kwa ugonjwa wako."

Nililala wodini na dripu mkononi. Festo alikuwa anakuja na ndizi na kuzimenya. Sikumfokea. Watu wanadhani mwenye hasira hufoka. Nilimwangalia anavyomenya ndizi, taratibu, anaondoa hata zile nyuzi nyeupe, nikawa nawaza: mtu huyu alisikia neno kwa masikio mawili mazima, akaulizwa mara moja tu maishani jambo la maana, akaangalia viatu.

Waliponiruhusu nilimwambia dereva wa basi anishushe Kaengesa, kwa mama yangu mzazi, nikaagiza nitumiwe Devota. Kwetu hilo si jambo dogo. Mke mgonjwa akirudi kwao, watu wanasema ukweni wamemtupa. Nilijua watasema. Nilitaka waseme. Mama yangu hakuuliza kitu, aliweka jagi la maji kando ya kitanda na kila likipungua alilijaza.

Wiki tatu baadaye figo zilikuwa zimepanda. Hazikufika zilipokuwa, lakini zilipanda, na daktari akasema dozi ijayo nitapewa ile ndugu. Siku chache kabla ya dozi hiyo Festo akaja Kaengesa. Alikaa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Mama anauliza utarudi lini. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba tumekufukuza."

"Nitarudi leo," nikamwambia, "kama utamwambia mama yako mbele yangu alichosema muuguzi. Chote. Na kwamba ulikisikia."

"Mama Devota, yule ni mzazi. Nitamwambiaje kwamba alikosea? Ataona aibu."

"Basi baki na aibu yake, mimi nabaki na figo zangu."

Alivaa kofia yake. Kisha akainuka, akabeba begi langu.

Tulimkuta mama mkwe uani anapepeta ulezi. Nikamsalimu, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaweka ungo chini ili anipokee. Festo hakumwacha ainuke.

"Mama, kaa kwanza. Ile dawa si chuma cha kufua. Muuguzi alisema inaunguza figo kama mtu hanywi maji. Alisema maji jagi asubuhi, mchana na jioni. Figo za mama Devota ziliharibika kwa sababu hakunywa. Ikitokea tena, hatapewa dawa, na atakufa."

Alisema yote kwa pumzi moja, kama mwanafunzi anayeogopa kusahau shairi.

Mama mkwe alinitazama mimi, kisha kichwa changu, kisha mwanawe.

"Kwa hiyo nilikuwa namuua?"

"Hukutaka, mama."

"Sikuuliza kama nilitaka. Nilikuwa namuua?"

"Ndiyo, mama."

Kuku walikuwa wameuvamia ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Na wewe uliyajua haya lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nilikuuliza," akasema mama mkwe, sauti imeshuka. "Nilikuuliza pale mlangoni, Festo, walisema hivyo? Ukaniambia nini?"

"Nilikuheshimu, mama. Sikutaka kukupinga mbele ya mkeo... mbele ya mke wangu."

Mama mkwe aliinuka. Ni mwanamke mfupi. Alichukua kata ya kuchotea maji iliyokuwa juu ya pipa akamrushia, ikampata begani. "Heshima gani hiyo? Mwanaume mzima! Umeniacha niue mke wako kwa mikono yangu ili wewe uonekane mtoto mwema? Mimi ni mama yako au ni sanamu ya kuchongwa? Baba yangu angekosea moto, msaidizi wake akanyamaza kwa heshima, angemtia kichwa chake tanurini!" Akaendelea kwa Kifipa, na hayo sitayaandika, kitabu hiki huenda kikasomwa na watoto.

Mimi nilikuwa nimesimama na begi langu. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kugawa sawa kwa wawili. Palepale uani niliona kuwa mgao ule haukuwa sahihi. Mama mkwe alikosea kwa kutojua, na aliuliza kabla ya kukosea. Hakuniomba msamaha siku ile wala baadaye. Alinipita, akaingia jikoni, nikasikia anasuuza jagi.

Dozi zilizobaki nilizipata zote. Hazikuwa rahisi. Ile ndugu ilinishusha damu kweli, mara moja wakaniahirisha, mara moja nikaongezewa. Upepo wa Ufipa wa kiangazi ulinikuta nimevaa kofia ya sufu na makoti mawili. Harufu ya dagaa ilinishinda kabisa, wakawa wanakaangia kwa jirani. Mama mkwe alikuwa akinisimamia na jagi mpaka nimalize, na nikisema nimeshiba ananiangalia kama mhunzi anavyoangalia jembe lililopinda. Figo hazikushuka tena. Watu walipokuwa wanachoma mashamba kungojea mvua, nikamaliza ya sita.

Sasa nywele zimerudi, zimejikunja kuliko za zamani. Vidole vya miguu na vya mikono bado havisikii vizuri, na nafunga vifungo vya Devota kwa kutazama, si kwa kugusa. Nyenje wa masikioni wapo. Kama wewe ndiyo kwanza unaanza, sitakudanganya kwamba utarudi ulivyokuwa. Nakushauri hili tu: siku ya kupewa masharti, nenda na yule anayeshika maji nyumbani kwenu, na mwambie muuguzi ayaseme mbele yake. Mume anaweza kuja pia kama ana nafasi.

Na Festo? Bado nina hasira naye. Tunaishi pamoja, tunalima pamoja, lakini ipo, inakaa mezani na sisi. Yeye anajua.

Mara ya mwisho tulikwenda Mbeya kwa uchunguzi. Daktari alipitisha mashine tumboni, akapitisha tena, akasema haoni kitu. Akatoa maelekezo ya kutosha, ya kula, ya kurudi kila baada ya miezi mitatu, ya kutoshika mimba kwanza, ya choo. Tulipotoka, Festo akasimama katikati ya korido, palipojaa watu, akampigia mama yake simu.

"Mama, shikamoo. Sikiliza. Amesema haoni kitu. Ndiyo, haoni. Subiri, sijamaliza. Maji aendelee. Dawa za mizizi hapana. Ndiyo, hata za yule mzee, hapana. Mama, nimesema hapana. Choo chake kikiwa kigumu asikae nacho siku tatu, wamesema arudi. Choo, mama! Choo!"

Benchi zima likageuka kututazama. Mwanamke aliyekuwa anasubiri na kitambaa kipya kichwani akanivuta gauni.

"Dada, huyu mumeo hana siri?"

"Mwache," nikamwambia. "Mwache aseme."